Noah inakula betri na stata imekuwa nzito baada ya kufungwa redio, amplifaya na spotilaiti

Pwani_Kibaha

Wakuu habari za muda huu. Naomba mnisaidie kabla sijaingia tena dukani kununua betri nyingine.

Gari ni Toyota Noah, bodi ya AZR60, injini ya petroli 1AZ. Ilikuja na redio yake ya Japani, zile ambazo FM yake inaanzia 76 na kuishia 90, kwa hiyo stesheni zetu nyingi zilizo juu ya hapo huzipati kabisa. Nikaona badala ya kufunga kile kiboksi cha kupanua masafa ni bora nibadilishe redio moja kwa moja. Fundi akanifungia Android ya inchi 9, amplifaya na spika ya besi nyuma, na spotilaiti mbili mbele kwa sababu ya safari za usiku. Baadaye ikafungwa na treka ya GPS.

Tangu hapo sina amani. Nikiegesha saa 2 usiku, asubuhi saa 12 inawaka lakini kwa kujivuta. Ikilala Ijumaa usiku mpaka Jumapili asubuhi, ukigeuza ufunguo unasikia tk-tk-tk tu na taa za dashibodi zinafifia. Nimeshabustiwa na majirani mpaka naona haya kugonga mlango. Na kama mjuavyo hii ni otomatiki, kusukuma haisaidii.

Niliambiwa betri imezeeka, nikanunua mpya. Betri mpya nayo inashuka vilevile, na limeongezeka jambo ambalo halikuwepo kabla: hata nikitoka safari ndefu, nikizima na kuwasha palepale, stata inazunguka kwa uzito kama betri iliyochoka. Alteneta imepimwa, inatoa volti 14.1.

Sasa mafundi wamegawanyika. Mmoja anasema betri niliyonunua ni feki. Mwingine anasema kaboni za stata zimeisha. Wa tatu anataka alteneta nzima itolewe. Kila mmoja ana bei yake na hakuna hata mmoja aliyetoa mita zaidi ya kuishika kwenye betri mara moja. Nianzie wapi?

Fundi_Waya

Mkuu, usinunue kitu chochote kwanza. Mimi kazi yangu ni umeme wa magari, na maelezo yako yanatosha kuniambia kwamba unasumbuliwa na magonjwa mawili, siyo moja. Mafundi wako wanabishana kwa sababu kila mmoja anataka kuyatibu yote mawili kwa dawa moja.

Ugonjwa wa kwanza ni betri kushuka gari ikiwa imezimwa. Hapo kuna kitu kinavuta umeme usiku. Ugonjwa wa pili ni stata kuwa nzito hata betri ikiwa imejaa, kwa maana umetoka safari ndefu na bado inajivuta. Huo hauhusiani na kinachovuta usiku. Huo ni umeme kushindwa kufika kwenye stata, au stata yenyewe. Ukivichanganya utazunguka mpaka mwaka uishe.

Tuanze na wa kwanza. Gari yoyote ikizimwa inaendelea kuvuta umeme kidogo kwa ajili ya saa, kumbukumbu ya kompyuta, kipokezi cha rimoti. Kiasi cha kawaida ni miliampea 20 mpaka 50, yaani 0.02 mpaka 0.05 ya ampea. Kikizidi hapo kwa mbali, kuna mwizi.

Kupima: zima kila kitu, chomoa ufunguo. Fungua boneti. Weka mita kwenye upande wa ampea 10, na waya mwekundu wa mita uhamishie kwenye tundu la 10A, maana wengi wanasahau hapo. Legeza kichwa cha NEGATIVU cha betri, yaani kile kibano cha waya kinachoshika nguzo, kamwe usianze na chanya, spana ikigusa bodi utaona moto. Mita ikae katikati: ncha nyekundu kwenye kichwa ulichokitoa, ncha nyeusi kwenye nguzo ya betri. Kisha subiri. Kitakachosomeka mwanzoni kitakuwa kikubwa, usikiamini. Vipe vifaa kama nusu saa vilale, ndipo uandike namba.

Wakati mita ipo hapo usigeuze ufunguo, usiwashe taa kubwa. Stata ya injini kama hiyo inavuta ampea mia na zaidi, na mita nyingi za bei ya chini tundu la 10A halina fyuzi ndani. Inaungua mkononi mwako.

Ukishapata namba, anza kuchomoa fyuzi moja moja huku mtu anaangalia mita. Ikishuka ghafla umempata. LAKINI, na hili ndilo linalowapoteza watu wenye gari zilizoongezewa vitu: nyaya za fundi wa redio mara nyingi hazipiti kwenye boksi la fyuzi la Toyota. Zinatoka moja kwa moja kwenye nguzo ya chanya. Unaweza kuchomoa fyuzi zote na mwizi akaendelea kula. Kwa hiyo fuata kwa macho kila waya wa ziada ulioshikizwa kwenye chanya, ujue unakwenda wapi.

Leta namba hapa.

Chuma_Kizito

Mkuu funga betri kubwa ya N70 umalize. Mimi nilikuwa na muziki mkubwa kuliko huo, nikaongeza ukubwa wa betri, leo ni mwaka wa pili sijabustiwa. Hizi betri ndogo siyo za watu wa muziki.

Fundi_Waya

Chuma_Kizito, heshima yako kaka, ila hapo ni kuongeza ndoo chini ya bomba linalovuja. Tufanye hesabu. Betri yake inaelekea ni NS60, yaani ampea-saa 45 ikiwa mpya. Kama kuna kitu kinavuta ampea 1 tu, saa 24 zimekula 24, zaidi ya nusu. Ukiweka betri ya 65 au 70 umesogeza tatizo kwa siku moja mbele.

Na kuna hasara isiyoonekana. Betri ya kuwashia gari imetengenezwa itoe umeme mwingi kwa sekunde chache kisha ijazwe. Haikutengenezwa ishushwe mpaka chini kisha ipandishwe kila wiki kama za sola. Kila inapolala tupu, salfeti inaganda kwenye sahani za risasi, na ikishaganda sana hairudi. Ndiyo maana jamaa anaona betri mpya inakuwa mbovu mapema na kuambiwa ni feki. Pengine haikuwa feki hata kidogo. Ukichanganya na joto letu la ukanda wa Pwani, ambalo peke yake linafupisha maisha ya betri, basi.

Wewe imekusaidia kwa sababu huenda unaendesha kila siku umbali wa kutosha. Mtu wa foleni za Kimara hana bahati hiyo. Injini ikiwa sailensa, yaani inazunguka polepole gari imesimama, AC inapuliza, taa zinawaka, muziki unapiga, kinachobaki kurudi kwenye betri ni kidogo sana.

Dada_IST

Hongera Fundi_Waya kwa maelezo. Niongeze yaliyonikuta nilipopima mwenyewe, nipo Mwanza na fundi umeme mzuri ni wa kutafuta.

Kwangu ilikuwa kamera ya dashibodi, ina hali ya kulinda gari ikiwa imeegeshwa. Aliyeifunga aliichukulia umeme wa moja kwa moja bila kile kifaa kinachokata betri ikishuka. Kwa hiyo ilikuwa inarekodi ukuta wa nyumba usiku kucha.

Mambo mawili ya kuzingatia Pwani_Kibaha. La kwanza, boksi la fyuzi la ndani linakulazimu ufungue mlango, na mlango ukiwa wazi taa ya ndani inawaka na kila kitu kinaamka. Chukua bisibisi ulisukume lile komeo la mlango mpaka lifunge kabisa, gari itadhani mlango umefungwa. Ukimaliza vuta kishikio kwanza ndipo ufunge mlango, la sivyo utaligonga komeo na kulipinda.

La pili, kama hutaki kuchomoa fyuzi, zile bapa zina vidoa viwili vya chuma juu ya mgongo. Weka mita kwenye milivolti, gusa vidoa vyote viwili. Ikisoma sifuri hakuna umeme unaopita. Ikisoma chochote, hata sehemu ya milivolti, hapo pana kinachokula. Haisumbui kitu kilicholala, na haichukui muda.

Likoni_Probox

Salaam ndugu zangu, nawasoma kutoka Mombasa. Mimi naendesha Probox ya kazi, nimepitia haya. Msisahau alteneta kwa kuwa tu inatoa 14. Yangu ilikuwa inachaji vizuri kabisa mchana, na usiku inarudi kula betri yenyewe. Ndani mna daiodi zinazoruhusu umeme utoke na kuzuia usirudi. Moja ikivuja, betri inashuka kupitia ule waya mnene wa alteneta, ambao kwenye boksi la fyuzi unaweza usiuone kirahisi.

Dalili yangu ilikuwa hii: asubuhi na mapema, gari haijawashwa, nikaigusa alteneta kwa mkono ikawa vuguvugu. Chuma kilicholala nje usiku kucha kina sababu gani ya kuwa na joto? Fundi akatoa kichwa cha negativu cha betri, akafungua ule waya mnene nyuma ya alteneta, akaufunga tepu usiguse bodi, akarudisha mita. Ikawa imeshuka mpaka kawaida. Tulibadilisha daiodi, siyo alteneta nzima.

Fundi_Waya

Likoni_Probox umesema kweli tupu. Pwani, hiyo iweke ya mwisho, baada ya vitu vilivyoongezwa. Gari ilikuwa nzima kabla ya redio, basi tuanze na waliokuja na redio.

Pwani_Kibaha

Wakuu nashukuru sana. Nimeazima mita kwa jirani, nimefuata hatua zote, na komeo la mlango kama alivyoelekeza dada. Majibu:

Betri ikiwa imechajiwa na kupumzika: 12.6.
Mwanzoni mita ilisoma zaidi ya 3, ikashuka, baada ya nusu saa ikatulia kwenye 1.34. Ni AMPEA 1.34 wakuu, siyo mili.

Nimechomoa fyuzi za boksi la ndani, haikutikisika. Nikafuata nyaya zilizo kwenye chanya kama alivyosema fundi. Zipo tatu za ziada. Mmoja mnene unakwenda amplifaya, mmoja wa njano unapita kwenye tundu la ukuta wa injini kwenda ndani, na mmoja unakwenda kwenye relei ya spotilaiti. Nilipochomoa fyuzi ya ule wa njano mita ilianguka mpaka 0.21.

Kinachonishangaza, ule waya mnene wa amplifaya nilipouchomoa peke yake, wa njano ukiwa umerudishwa, ilipungua kidogo tu kama 0.5. Sasa mwizi ni redio au amplifaya?

Fundi_Waya

Wote wawili, na redio ndiyo inayomfungulia mwenzake mlango.

Sikiliza. Amplifaya inapata umeme mnene kutoka betri muda wote, lakini haiamki mpaka ipewe ishara kupitia waya mwembamba wa bluu wenye mstari mweupe unaotoka nyuma ya redio. Redio ikizimika, ishara inakatika, amplifaya inalala. Kwako ulipochomoa waya wa njano redio ikafa, ishara ikakatika, amplifaya ikalala, ndiyo maana zikashuka zote 1.13 kwa mpigo. Ulipotoa amplifaya peke yake uliona sehemu yake tu.

Kwa hiyo swali ni moja: kwa nini redio haizimiki? Redio hizi zina nyaya mbili za chanya. Wa NJANO ni wa kudumu, unatunza kumbukumbu, saa na mipangilio. MWEKUNDU ni wa ufunguo, unatakiwa uwe na umeme ukigeuza ufunguo mpaka ACC, ile hatua ya redio kabla ya kuwasha injini, na ukate ukichomoa ufunguo. Mweusi ni ethi, yaani wa negativu unaofungwa kwenye bodi. Nina hakika kubwa ukifungua nyuma ya redio utakuta njano na nyekundu zimesokotwa pamoja. Mafundi wengine wanafanya hivyo kwa sababu mteja analalamika Android inachelewa kuwaka. Ukiunganisha hivyo haichelewi tena, kwa kuwa haijawahi kulala. Kioo kinazimika, wewe unadhani imezimwa, kumbe ndani iko macho.

Kwenye soketi ya redio ya Toyota nyingi za umri huo, bluu yenye mstari wa njano ni ya kudumu, kijivu ni ACC, kahawia ni ethi, kijani ni ya taa. Ila usiamini rangi hata ukiambiwa na mimi. Pima. Ufunguo ukiwa nje, waya wa ACC usome sifuri. Ukiweka ACC usome 12. Ndipo uunge mwekundu hapo.

Hesabu yako sasa inajieleza yenyewe. Kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi ni saa 10, mara 1.34, zimekwenda 13.4 kati ya 45, gari inawaka kwa kujivuta. Ijumaa saa 2 usiku mpaka Jumapili saa 12 asubuhi ni saa 34, zimekwenda 45 na ushee. Betri yote.

Bado 0.21 ni nyingi. Gusa relei ya spotilaiti gari ikiwa imelala.

Pwani_Kibaha

Fundi, ni kama ulikuwepo. Nimetoa redio, njano na nyekundu zimesokotwa pamoja na kufungwa tepu. Na relei nimeigusa, ina joto! Taa zenyewe zimezimwa.

Fundi_Waya

Relei ina miguu yenye namba. 30 inapokea umeme wa betri, 87 inatoa kwenda taa, 85 na 86 ni za koili, ile sumaku ya umeme ndani inayovuta ili 30 na 87 ziungane. Utaratibu ni kwamba swichi ya dashibodi inaamsha koili tu kwa umeme mdogo, na mzigo mzito wa taa unapita 30 kwenda 87. Fundi aliyekufungia ameunga 86 na 30 pamoja, kwa hiyo koili imevuta saa 24, kisha swichi akaiweka njiani kwenye waya wa taa. Koili ya relei ya gari inavuta kama 0.15, hiyo ni ampea-saa 3 na nusu kila siku bure. Zaidi ya hapo, umeme wote wa spotilaiti unapita kwenye kaswichi ka dashibodi ambako hakakutengenezwa kwa mzigo huo. Kushusha betri ni tatizo la kwanza, la pili ni hatari ya moto. Ukiona hiyo swichi ya plastiki inalainika, usishangae.

Rekebisha: 30 betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri, 87 taa, 85 ethi, 86 kwenye swichi, na swichi ichukue umeme unaokatika na ufunguo. Hata ukisahau kuzima, ukichomoa ufunguo zinazimika zenyewe.

Angalia pia waya mnene wa amplifaya una fyuzi karibu na betri. Isizidi nusu mita kutoka kwenye nguzo. Fyuzi iliyo nyuma kwenye buti hailindi waya wote unaopita chini ya kapeti.

Dada_IST

Na treka? Hizo nazo zina tabia.

Fundi_Waya

Treka nzima iliyolala inavuta kidogo, inavumilika kwa gari inayotembea. Yenye matatizo ni ile isiyolala kwa sababu imekosa mtandao na inatafuta minara usiku kucha, au laini yake imefungwa. Pwani ataiona kwenye mita mwishoni.

Sasa twende ugonjwa wa pili, huu ninaupenda zaidi kwa sababu watu wanauza stata zao nzima kama vyuma chakavu.

Mkuu, tafuta mtu akusaidie ufunguo. Mita iweke kwenye volti. Kipimo cha kwanza: ncha mbili kwenye NGUZO za betri, zile za risasi zenyewe, siyo vichwa vinavyozibana. Mwenzako awashe. Betri nzima haitashuka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka. Cha pili: ncha moja kwenye nguzo ya negativu, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisicho na rangi wala mafuta. Awashe. Hapo isizidi 0.2. Cha tatu: nguzo ya chanya na boliti nene ya stata, isizidi 0.5. Kikizidi kimoja, umeme unapotelea hapo njiani kabla haujafika kwenye stata.

Pwani_Kibaha

Nimepima.

Nguzo kwa nguzo wakati wa kuwasha: 10.6
Chanya mpaka stata: 0.2
Negativu mpaka injini: 1.4

Fundi_Waya

Betri yako ni nzima. Stata inaelekea ni nzima. Ukitoa 1.4 na 0.2 kwenye 10.6, stata inabaki na volti 9 tu za kufanyia kazi. Upande wa negativu ndio mbovu. Gawa njia: pima kutoka nguzo ya negativu mpaka kichwa chake, yaani chuma kwa chuma pale vinapogusana, kisha kutoka kichwa mpaka injini.

Pwani_Kibaha

Nguzo mpaka kichwa: 1.1. Kichwa mpaka injini: 0.3. Na baada ya kuwasha mara chache kichwa cha negativu kilikuwa cha moto, sikuweza kukishika.

Mzee_Landrover

Vijana wangu, nimeusoma uzi wote. Mwanangu Pwani, hebu soma maandishi juu ya betri yako mpya uniandikie hapa. Kama bado unayo ya zamani, na yenyewe.

Pwani_Kibaha

Shikamoo mzee. Ya zamani ipo stoo, imeandikwa 46B24RS. Mpya imeandikwa 46B24R.

Mzee_Landrover

Marahaba. Basi jibu ni hiyo S.

Hayo ni maandishi ya Kijapani ya vipimo. 46 ni nguvu yake, B ni upana na kimo, 24 ni urefu kwa sentimita, R inaonyesha nguzo zimekaa upande gani. S mwishoni inakuambia nguzo ni NENE. Isipokuwepo S, kwenye umbo hilo la B24, nguzo ni nyembamba. Betri ni sanduku lilelile, linaingia mahali palepale, muuzaji anakuambia ni saizi yako. Lakini vichwa vya gari yako vilitengenezwa vibane nguzo nene. Ukivikaza mpaka mwisho kwenye nguzo nyembamba bado vinacheza.

Fungua hicho kichwa cha negativu. Utakuta wamechomeka kitu.

Pwani_Kibaha

Mzee, kuna kipande cha bati kimekunjwa na kuzungushiwa kwenye nguzo. Kwenye chanya kipo cha shaba, afadhali kidogo. Bati limeanza kuungua na kuwa jeusi.

Fundi_Waya

Heshima yako mzee. Hilo ndilo lililoleta uzito wa stata baada ya betri mpya, na ndiyo maana dalili haikuwepo mwanzo. Nimewahi kukuta mpaka msumari. Mzigo mdogo kama taa na redio unapita vizuri kwenye bati, kwa hiyo kila mtu anasema betri iko sawa. Unapodai ampea mia moja na hamsini, kile kimguso kidogo kinakataa.

Dukani kuna bushi za risasi za kuvisha nguzo nyembamba ziwe nene, ni bei ndogo, hakikisha ya chanya na ya negativu hujazibadilisha maana hazilingani kipenyo. Au badilisha vichwa. Ukibadilisha vichwa usikate waya na kuubana kwa kile kibati cha boliti mbili, nusu ya nyuzi zinabaki nje. Upigwe kichwa cha kubana kwa mashine.

Hiyo 0.3 iliyobaki fuata waya wa ethi mpaka unapofungwa kwenye injini na kwenye bodi. Pengine amplifaya na spotilaiti zimerundikwa ethi zake kwenye boliti hiyohiyo. Zitoe, kila moja itafutiwe mahali pake kwenye bodi, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi JUU baada ya kukaza ili kutu isirudi.

Pwani_Kibaha

Mrejesho wakuu. Ni kweli boliti ya ethi ilikuwa na macho matatu ya nyaya za ziada, na chini yake rangi haikukwanguliwa. Nimevisha bushi, nimepiga msasa, nimetenganisha ethi. Redio nimeiunga ACC baada ya kupima, relei nimeipanga upya kwa namba.

Negativu mpaka injini sasa: 0.12.
Gari iliyolala: 0.06. Nikichomoa treka: 0.03.

Stata inakamata mara moja. Imelala tangu Ijumaa jioni, leo Jumapili imewaka kama imetoka kuzimwa. Android inachukua muda kidogo kuamka asubuhi, nimekubali.

Chuma_Kizito

Nimeenda kupima yangu kwa ajili ya uzi huu. 0.9. Kesho naanza na waya wa njano. Swali kwa fundi: je, nikifunga swichi ya kukata betri kabisa usiku si inatosha?

Fundi_Waya

Kaka, kwa gari inayolala mwezi mzima ni kitu kizuri. Kwa gari ya kila siku, utakata alamu na treka pamoja, redio itasahau mipangilio, na kompyuta ya injini itapoteza iliyojifunza, sailensa itasumbua kila asubuhi mpaka ijifunze upya. Toa mwizi kwanza.

Pwani_Kibaha

Swali la mwisho, ile betri ya zamani iliyo stoo, ya S. Inafufuka?

Fundi_Waya

Jaribu kabla hujaitupa, maana huenda iliuawa na redio tu. Kama ina vifuniko, angalia maji; ongeza maji ya betri mpaka yafunike sahani, usiongeze asidi. Ichaji polepole, ampea 4 hivi, mahali penye hewa na mbali na moto wa sigara kwa sababu inatoa gesi inayolipuka. Ikijaa, itoe kwenye chaja, ilale usiku mzima bila kuguswa. Asubuhi ikisoma 12.5 au zaidi, ifunge kwenye gari na upime wakati wa kuwasha. Ikibaki juu ya 9.6 una akiba. Ikisoma 12.0 au chini ya hapo baada ya kulala, sahani zimekufa. Iuze kwa wanaonunua betri chakavu ikiwa nzima na asidi yake ndani, usiimwage nyuma ya nyumba.